Zamu

Daftari la kwanza lina jalada la kijani,
mende wamelitafuna kuanzia mwaka themanini na sita.
La mwisho nililinunua River Road, mistari yake imepinda
na mimi nikapinda nayo.
Kati ya hayo mawili yuko Elkana Nyamweya:
zamu mia mbili na kumi na mbili,
mara kumi na tisa hakutolewa,
mikimbio elfu tano, mia nne na sita.
Nimegawanya kwa kalamu. Nimegawanya kwa kikokotoo cha mjukuu.
Ishirini na nane, nukta sifuri moja.

Vekaria ana arobaini na moja.
Ochola, yule wa mkono wa kushoto, thelathini na sita.
Rughani thelathini na tatu, na hakuwahi kukimbia
pale ambapo angeweza kutembea.
Elkana ni wa nne, basi,
wa nne kati ya wanne
ambao Ngara nzima iliwataja kwa pumzi moja.

Lakini tarakimu ni shahidi mwoga,
hasemi mpaka aulizwe.
Wiki jana stima ilipotea Pangani. Nikawasha mshumaa,
nikazitenga Jumamosi huku, Jumapili kule,
kama mtu anayechambua mchele.

Jumamosi: ametolewa mara mia na kumi na nane,
wastani kumi na nane kamili.
Hiyo ni hesabu ya mrushaji,
mtu anayeshika gongo kama mwiko wa jirani.
Jumapili: ametolewa mara sabini na tano,
wastani karibu arobaini na nne.
Hata Vekaria hakuota huko.

Ndipo nikakumbuka unga.
Unga kwenye nyusi, unga kwenye masikio,
Jumamosi saa tatu asubuhi, ametoka zamu ya usiku
kiwanda cha mikate, Eneo la Viwanda,
kwa miguu mpaka uwanjani.
Alilala nyuma ya banda, kichwa juu ya kinga za miguu,
na wiketi ya pili ikianguka tulimwamsha kwa ncha ya kiatu.
Alikwenda katikati akinuka hamira.
Mpira wa kwanza ulimkuta bado yuko kwenye tanuri.

Sitaki kumwonea Vekaria.
Baba yake alikuwa na duka, ndiyo, na kitanda kizuri,
lakini mwaka aliotoka mara sita bila mkimbio hata mmoja
alibaki peke yake wavuni mpaka giza.
Kisha akahamia Lesta akiwa na thelathini na moja,
kabla magoti hayajaanza kumkata hesabu.
Elkana alicheza na magoti yake mpaka yakaisha.

Nikampelekea karatasi kwake Umoja.
Nilikuwa nimeipigia mstari ile arobaini na nne,
mara mbili, kwa wino mwekundu.
Aliisoma akipuliza chai.
"Bi Philista, na Jumamosi alicheza nani?
Ndugu yangu?"
Akanirudishia. "Zirudishe zote."

Tukanyamaza. Redio ya jirani ikasoma vifo.

"Ila kuna mmoja," akasema.
"Ruaraka, tisini na tatu. Mwamuzi aliinua goti akaligusa,
nawe ukaandika mguu.
Ule mpira uligusa gongo. Niliusikia hapa."
Akanionyesha kidole gumba cha kushoto,
kile ambacho hakikuwahi kunyooka tena.

Nimeufungua ukurasa ule usiku huu.
Upo, mkimbio mmoja, kwenye safu ya ziada,
mwandiko wangu, wino wa buluu, sina shaka nao.
Nikimpa, anakuwa na elfu tano, mia nne na saba.
Wastani, ishirini na nane, nukta sifuri mbili.
Bado wa nne.

Mwandishi wa alama huandika alichoonyeshwa na mwamuzi.
Nimefundisha hivyo vijana wangapi?
Kalamu ya risasi iko mkononi,
ufutio sina, na sijui
kama nimeusahau au nimeuficha.